Wajomba wa Mchana

Wafu wa nyumba yetu hawakuwa na habari na usiku. Usiku tulilala fofofo kama watu wengine. Wao walikuja mchana, jua likiwa la utosi, vyombo vimeshaoshwa na mtu anajinyoosha kidogo mkekani kabla ya kurudi kazini. Hapo ndipo unamsikia kaka yangu mkubwa, Bosi, anakohoa nyuma ya nyumba. Si kikohozi cha ugonjwa. Ni kile chake cha kujitangaza, khm khm, cha mtu anayetaka apakuliwe kabla hajavua viatu. Halafu Msumari, anayemfuata, anapiga mluzi bafuni, mluzi wa mtu anayejimwagia maji na dunia haimsumbui.

Mimi si mtu wa kuamini ovyo. Ni mpishi wa shule ya bweni. Ukishazoea kusonga ugali kwenye masufuria ya kuingia mtu mzima, huku watoto wamepanga foleni wanagonga sahani, huna nafasi ya mazimwi. Lakini nilisikia. Nikisema sikusikia nitakuwa mwongo. Mama alisikia kuliko mimi, na kila akisikia alisimama palepale, ufagio mkononi, akajibu: "Nipo, baba. Nipo." Kisha akaendelea kufagia.

Bosi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa miraba minne, anabeba geti peke yake. Alianza kwa kuchoka. Tukamtania kwamba ndoa imemzidi nguvu. Kisha macho yakageuka manjano, miguu ikavimba, tumbo likajaa maji mpaka akawa anatembea ameegemea nyuma. Mwenyewe alifanya mzaha: "Nipelekeni kliniki ya wajawazito, huenda ni mapacha." Tulicheka, Mungu atusamehe. Akafa hata mvi hajaota.

Tulipoanza kupata usingizi tena, Msumari akaanza kuchoka. Yeye alikuwa kinyozi. Nilipita saluni kwake siku moja nikamkuta amemwacha mteja na povu kidevuni, yeye amesogea kwenye kioo, amevuta kope chini kwa kidole, anajitazama jicho. Akaniona kwenye kioo. Akaliachia, akarudi kwa mteja wake. Lilikuwa tumbo lilelile, na lilimmaliza vilevile.

"Maradhi hayachagui nyumba moja yakaweka kambi," Mama alisema siku tuliyomzika. "Hapa pana mkono wa mtu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Na anayetafuta mchawi hakosi wa kumnyooshea kidole. Aliyepatikana alikuwa shangazi yetu, dada yake marehemu baba, aliyekuwa akikaa chumba cha uani. Kosa lake nini? Hakuzaa, na yeye ndiye aliyewaogesha kaka zangu walipokuwa wachanga. Basi. Mama alimtoa na virago vyake mchana kweupe, majirani wamejaa wanatazama, kisha akamwita mwashi akauziba mlango wa uani kwa matofali. Ndiyo maana kikohozi cha Bosi kilikuwa kinatokea nyuma ya ukuta. Alizoea kuingilia mlango ule.

Tena Mama akatunga sheria: damu ya nyumba hii haiachwi nje. Aliamini shangazi alichukua damu ya vitovu vya kaka zangu akaifanyia mambo yake. Kwa hiyo ukijikata, kitambaa unakichoma moto. Hospitali nenda, dawa kunywa, lakini damu yako ibaki kwenye kichupa mikononi mwa watu? Thubutu! Hata Msumari alipolazwa, kabla sheria haijapata jina, Mama alikaa pembeni ya kitanda kama mlinzi wa benki, na kila aliyekuja na bomba la sindano alirudi nalo tupu. Msumari mwenyewe hakuwa na nguvu za kubishana. Madaktari wakampunguza maji tumboni, wakampa vidonge, wakafika mwisho wa kukisia. Nikikumbuka nawaka mpaka masikio. Lakini nimkasirikie nani? Mama alikuwa anapigania watoto wake kwa silaha aliyoijua.

Aliyevunja sheria ni mdogo wetu wa mwisho, Kitinda. Aliolewa na dereva wa malori, akahamia kwake, na mimba ilipoingia akaenda kliniki akanyoosha mkono kama wajawazito wenzake. Majibu yalipotoka alinifuata shuleni. Akakaa juu ya gunia la maharage, jikoni mwangu, akasubiri mpaka wasaidizi wangu wametoka kwenda kuchota maji.

"Dada, wamenikuta na homa ya ini. Ile ya B."

"Umeitoa wapi wewe?"

"Nesi anasema huenda nilizaliwa nayo. Kaniuliza kama kwetu kuna mtu alikufa tumbo limejaa maji."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Chakula cha shule nzima kiliungua siku ile, na watoto walikula wakinisema mpaka kesho yake.

Nilikwenda kupima na mimi. Ninayo. Yule nesi alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyefiwa. Mama akiwa nayo kwenye damu, mtoto huipata wakati wa kuzaliwa. Inakaa ndani ya ini kimya, miaka na miaka, bila kuuma. Wengine wanazeeka nayo wakiwa wazima, wanalima, wanagombana na majirani, hawajui kitu. Wengine inawageukia ukubwani. Akaniambia nisikate tamaa, nihudhurie vipimo, dawa zipo ikihitajika. Nikamshukuru. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuosha uso, navuta kope chini kwa kidole natazama rangi. Nimekuwa Msumari.

Mzee mmoja kwetu alikuwa amevuka umri wa wote waliokufa, anafagia uwanja, anajibizana na maiti. Hatukuhitaji mtu wa kutuambia ni nani aliyetuzaa nayo.

"Mama asijue," Kitinda alisema. "Itamuua."

"Hatajua."

"Mtoto kuna chanjo yake. Anachomwa mara anapozaliwa, kabla saa ishirini na nne hazijapita, ndiyo inakuwa na nguvu ya kuwahi ugonjwa. Ikichelewa, unakuwa umetangulia kuingia. Mimi nikishindwa kusema, dada, wewe ndiye mdomo wangu."

"Na mdomo ninao," nikamjibu. Tukacheka, na yeye akalia.

Akajifungua alasiri, mtoto wa kiume, mzima, anapiga miayo kama mzee wa kazi. Kabla hatujamaliza kushangilia, Kitinda akaanza kutoka damu. Wakunga walikimbia, kitanda kikasukumwa, milango ikapigwa, na katika purukushani ile mtu mmoja akamweka mtoto kwenye mikono iliyokuwa karibu. Ilikuwa mikono ya Mama. Kitinda alipasuliwa, akaokolewa, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi amelala kwa dawa. Mumewe alikuwa njiani na lori, simu haipatikani. Usiku kucha Mama hakumweka mtoto chini. Hata maziwa ya kikombe alimnywesha mwenyewe. Nikasema moyoni, asubuhi nitamwomba nimbebe kidogo, nimpitishe kwa nesi, nimrudishe, nani atajua.

Ngo'o. Asubuhi nzima nilimwomba. "Nenda kamwangalie mdogo wako," ananiambia. "Huyu ana mimi."

Mchana ukaingia. Chumba kilikuwa na vitanda vinne, vitatu vitupu, mashuka yananuka dawa ya kufulia, dirisha linatazama kamba ya nguo. Nesi wa chanjo akaja na kikasha chake cha baridi begani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza na viatu vilivyochoka.

"Haya, bibi, nipe mume wangu nimpe zawadi yake."

"Hachomwi," Mama akasema.

"Matone ya mdomoni atapata, hayaumi. Na sindano ndogo tu. Ni haki yake."

"Sindano ikimtoka ina damu. Hiyo damu unaipeleka wapi?"

Nesi akanitazama. Alikuwa na habari ya Kitinda, nilimwona machoni, lakini siri ya mgonjwa haikuwa yake kuitoa mbele ya watu. Akasema tu, "Bibi, kila saa inayopita, kinga inapungua. Alizaliwa jana alasiri. Leo alasiri si mbali."

Mama akamfunika mtoto shuka mpaka kichwani. Na hapo, kwenye korido, nje ya mlango ulio wazi, mtu akakohoa.

Khm khm.

Hospitali watu hukohoa, nikajiambia, wewe mpishi usiwe mjinga. Halafu mluzi ukaanza upande wa bafu la wodi, taratibu, na maji yanamwagika. Nilikuwa nimetoka kule bafuni dakika chache tu. Bomba lilikuwa kavu. Nilinawa kwa maji ya chupa.

"Umesikia?" Mama akaniuliza.

"Nimesikia."

Nesi alitutazama mmoja mmoja. Yeye hakuwa amesikia kitu. "Nazunguka wodi ile nyingine," akasema polepole. "Nikirudi mnipe jibu. Nikitoka hapo nafunga kikasha naondoka." Viatu vyake vikaburuzika mpaka vikapotea.

Mama alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo umegusa ukuta. Sijawahi kumwona mama yangu akiogopa. Nimemwona akilia, akitukana, akimrushia mwashi koleo kwa kupindisha ukuta. Kuogopa, hapana. Sasa alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili, macho mlangoni.

"Wamekuja kumchukua," akasema. "Wamemfuata mpaka huku."

"Mama, kaa chini."

"Nikikaa watanizunguka."

"Hawajaja kumchukua. Kaa, nina neno."

Hakukaa. Nikaona nikisubiri akae, jua litazama. Hakuna njia nzuri ya kusema neno kama lile. Nilikuwa nimelipanga siku nyingi juu ya masufuria, na kila nikilipanga linavunjika.

"Kitinda ana ugonjwa wa kina kaka."

Akanikodolea macho.

"Alipimwa damu kliniki. Najua, najua, haiachwi nje. Aliiacha. Ni homa ya ini, Mama, inakaa ndani ya damu. Bosi alikuwa nayo. Msumari alikuwa nayo."

"Nani aliwatupia?"

"Hakuna aliyewatupia."

"Sasa waliitoa wapi?"

Ulimi wangu huu, ambao shule nzima unaiweka kwenye mstari, ukanata. Nilimtazama mtoto. Mguu mmoja ulikuwa umechomoza kwenye shuka, unyayo umekunjamana, haujakanyaga popote. Nilitaka Kitinda aamke aseme yeye. Nilitaka dereva atokee mlangoni na vumbi lake. Hakutokea mtu. Nikasema:

"Walizaliwa nayo."

Mama hajasoma sana, lakini si mjinga. Nilimwona akirudi nyuma kwa mawazo, mtoto kwa mtoto, mpaka akafika kwenye tumbo lake mwenyewe. Ndipo akakaa.

"Na wewe?" akauliza.

"Na mimi."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Hukujua, Mama."

"Sikukuuliza kama nilijua. Nimekuuliza kama ni mimi."

Nilitaka kumdanganya. Wallahi nilitaka. Ningeweza kusema madaktari hawana uhakika, ningeweza kusema ni maji, ni hewa, ni kazi ya vyuma. Angenishukuru, angembana mtoto kifuani, na alasiri ingepita.

"Ndiyo," nikasema. "Ni damu yako. Nawe hukuiomba. Labda uliipata kwa bibi, na bibi kwa mwingine huko. Hakuna anayejua. Ila huyu mtoto, ile sindano ikimwahi leo, inamkinga."

Akacheka. Kile kicheko kilinitisha kuliko kikohozi. "Nimeziba mlango kwa matofali," akasema, "kumbe mwizi nimemfungia ndani." Kisha akamtaja wifi yake, shangazi yetu, ambaye hajatajwa nyumbani tangu siku ile. Akasema jinsi alivyokuwa akiwaogesha kaka zangu, mikono inamtetemeka kwa kuogopa kuwaangusha, na yeye akamtangaza mtaa mzima kuwa ni muuaji. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika miguu. Ilikuwa baridi, na mchana ule ulikuwa wa kuchoma.

Nje korido ilikuwa imenyamaza. Ule unyamavu wa mtu aliyesimama nyuma ya mlango, unajua yupo.

"Wote wawili niliwazaa mchana," Mama akasema. "Saa kama hizi. Nilikuwa siwaelewi, kwa nini mchana. Wafu gani hawa, nasema, hawaogopi jua." Akamfunua mtoto uso, akamtazama kwa muda. "Kumbe wanakuja saa ileile. Wanakuja kuangalia kama kuna mtu amewafikia na hiyo sindano."

Mimi nilidhani wanakuja kula.

Viatu vya nesi vikarudi. Akasimama mlangoni, kikasha begani, akaniona nimepiga magoti, akamwona Mama na uso wake, hakuuliza kitu. Watu wa wodi za wazazi wameona mengi.

"Hii sindano yenu," Mama akamwambia, "mimi nilipokuwa nazaa ilikuwepo?"

"Hapa kwetu haikuwepo, bibi. Kipimo chenyewe hakikuwepo."

"Ingekuwepo, ningekubali?"

Swali lilikuwa langu, alinitazama mimi. Nesi akajifanya anatafuta pamba.

"Sijui, Mama," nikasema.

"Mimi najua."

Akamlaza mtoto mapajani pake, akamfungua shuka mwenyewe, mkunjo baada ya mkunjo. Nesi akapiga chafya, akaomba radhi, akanawa kwa dawa, akatoa kichupa kwenye baridi. Kilikuwa kidogo, hata kiganjani hakionekani. Nikakiangalia kile kitu nikakichukia ghafla, kwa udogo wake. Yaani hicho tu? Kaka zangu wawili, mlima ule wa Bosi, vidole vile vya Msumari, shangazi na virago vyake, na kilichokosekana ni hicho tu?

"Mshike mguu, bibi. Usimbane sana. Hapo." Akaniambia na mimi, bila kugeuka, "Hii ni ya kwanza. Zinazofuata msikose hata moja, hii peke yake haimalizi kazi. Na baadaye aletwe apimwe, tujue tumewahi."

"Tutamleta," nikasema.

Paja lilikuwa kama kidole gumba changu. Sindano ikaingia, ikatoka. Kwa muda mtoto alishangaa tu, mdomo wazi, uso umekuwa mwekundu, pumzi imekwama. Halafu akalia. Jamani, alilia! Kilio cha kuvunja madirisha, cha mtu aliyedhulumiwa, ngumi zimekunjwa, ulimi unatetemeka. Tone moja la damu likatokea pajani. Nesi akalifuta kwa pamba, akaishika pamba mkononi, akamtazama Mama. Mama akaitikia kwa kichwa: chukua. Nesi akaitupa kwenye ndoo pamoja na nyingine.

Nilidhani yameisha. Nikaanza kukusanya mashuka. Lakini Mama alikuwa ametazama mlangoni, macho yametulia mahali pamoja, kwa urefu wa uso wa mtu mzima. Kisha yakasogea kidogo pembeni, yakatulia tena, juu zaidi.

"Sista," akasema. "Na wale pale, unaweza kuwachoma?"

Nesi akageuka. Mimi sikugeuka. Niliinamisha kichwa nikashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, kwa sababu nilijua nikitazama nitawaona, na nikiwaona sitaweza tena kupika, sitaweza kufanya kitu chochote maishani. Sijui nesi aliona nini. Nafikiri aliona korido tupu na ukuta uliobanduka rangi. Akajibu kwa sauti ya chini, kama anazungumzia watoto waliopo.

"Wale tumechelewa, mama."

"Tumechelewa," Mama akarudia.

Akamwinua mjukuu wake, akamweka begani. Mtoto alikuwa bado anapiga mayowe, hana mpango wa kunyamaza, na mimi nikanyoosha mikono nimpokee nimbembeleze. Mama akanizuia kwa kiwiko.

"Mwache," akasema. Kisha akamwambia yule mtoto sikioni, lakini nilisikia. "Lia, baba. Lia na fungu lao."